Mayai ya mzee yalivyonifunza kuokoa petroli

Iwapo umenunua gari lako la kwanza hivi karibuni, na iwapo wakaa Kitengela, Isinya, Kajiado au kwingineko ambako kazi iko mbali na kitanda, makala haya ni yako. Sikuandikii nikiwa bingwa wa usukani. Nakuandikia nikiwa mtu aliyekaribia kuliuza gari lake miezi mitatu tu baada ya kulinunua, kwa sababu lilikuwa likinywa petroli kuliko watoto wanavyokunywa maziwa.

Hayo yalinipata mwaka wa 2023. Bila shaka wakumbuka jinsi mwaka huo ulivyotutenda. Julai mosi ushuru wa VAT kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Kisha jioni ya Septemba 14, EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, ikatangaza bei mpya kama ifanyavyo katikati ya kila mwezi. Lita moja ya petroli jijini Nairobi ingeuzwa kwa shilingi 211.64. Ilikuwa mara ya kwanza bei hiyo kuvuka shilingi 200.

Usiku huo mume wangu alichukua kalamu na daftari la hesabu la mtoto. Kutoka kwetu hadi kazini na kurudi ni kilomita 64. Ukizidisha kwa siku 22 za kazi, ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa mwezi. Tulipojumlisha tulichokuwa tukiwacha kwenye kituo cha petroli, tulikuta ni karibu shilingi 30,000. Alilifunga daftari polepole. "Mama watoto," akasema, "hii ni karo."

Ningeweza kurudi kwenye matatu, lakini kazi yangu mara nyingi huisha usiku, na kupata gari la Kitengela saa hizo si mchezo. Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

Mwenye shida hakosi washauri. Mmoja aliniambia ninunue chupa ndogo ya dawa ya kumimina tangini. Mwingine alisema nisijaze tangi kamwe, kwani mafuta mengi ni mzigo. Wa tatu, naye ndiye niliyemsadiki kuliko wote, aliniambia kwamba kila nifikapo kwenye mteremko niitoe gia kwenye D na kuitia kwenye N, gari lijiendee lenyewe bure. 'Fri', kama tusemavyo. Niliyafuata yote matatu kama mgonjwa ameze vidonge.

Basi Ijumaa moja jirani yetu, mzee aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Namanga kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, aliniomba nimfikishe Kajiado. Alikuwa na shughuli ya hati ya shamba, nami nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye huko. Alikuja amevaa suti yake ya kijivu, ya kanisani, na mapajani amebeba trei mbili za mayai. Alikuwa akimpelekea binti yake aliyeolewa huko.

Tangu tulipotoka Kitengela mayai yale yalikuwa yakigongana. Nilikanyaga mafuta, nikakanyaga breki. Tuta likitokea, breki. Likipita, mafuta. Lori la saruji likinizuia, nililisogelea hadi nikasoma maandishi yaliyofifia nyuma yake. Mzee hakusema neno. Aliyashika mayai yake tu, kama mtu ashikaye mtoto mgonjwa.

Tulipoipita Isinya, nyika ikatufungukia pande zote mbili. Barabara pale hupanda na kushuka kama mgongo wa ng'ombe. Tukafika kwenye mteremko mrefu, nami kwa fahari kubwa nikatia gia kwenye N. Gari likashika kasi. Mzee akautazama mkono wangu.

"Mwanangu, umefanya nini hapo?"

"Naokoa petroli, mzee."

Hakuwahi kunijibu. Ng'ombe walianza kuingia barabarani kutoka kushoto, mmoja, watatu, kisha kundi zima, na nyuma yao mvulana wa miaka kama kumi mwenye fimbo. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilipiga yowe, likayumba, na liliposimama nadhani hatua nne tu zilibaki kati ya boneti na yule mvulana. Alitutazama kidogo, akawapigia ng'ombe mluzi, wakaendelea na safari yao.

Nilipogeuka, suti ya kijivu ilikuwa ya manjano. Viini vya mayai vilikuwa vikitiririka hadi kwenye viatu.

"Mzee, nisamehe. Nitayalipa yote."

Alitoa leso, akafuta mikono. "Sote tu wazima, na mtoto wa watu yu mzima. Rudisha D, twende polepole." Kisha akaongeza, "Hayo mayai ni karo yako. Ukirudi kutoka Kajiado utaanza darasa."

Na kweli darasa lilianza jioni ile tukirudi.

Jambo la kwanza aliloniambia lilihusu hiyo 'fri'. "Sisi nasi tulifanya hivyo," alisema. "Nimewazika wenzangu kwa sababu hiyo." Huhitaji kuambiwa na mzee wangu, msomaji. Kwa miaka mingi malori yaliyoshuka Sachangwan na Salgaa yakiwa katika gia huru yamelaumiwa kwa ajali zilizojaza makaburi. Gari lisilo katika gia halisaidiwi na injini kujizuia. Mzigo wote huziangukia breki, na breki zikipata moto kupita kiasi hukataa kazi.

La kushangaza zaidi nililisikia kwa fundi wetu wa Kitengela nilipomsimulia kisa hicho. Alicheka. Akanieleza kwamba katika magari ya zamani yenye kabureta, petroli ilizidi kuvutwa hata ukiteremka na gia. Lakini magari haya tunayoyaagiza Japani siku hizi hupuliziwa petroli kwa kuongozwa na kompyuta. Ukiuondoa mguu kwenye mafuta huku gia iko kwenye D na gari lina mwendo, kompyuta huikata petroli na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia N, injini hulazimika kunywa petroli ili isizimike. Kwa hivyo nilikuwa nikihatarisha maisha ya watu na bado nikichoma petroli ambayo ningeiokoa kwa kutofanya lolote!

Jambo la pili alilonifunza mzee ndilo kubwa, na ndilo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine. Alisema petroli huokolewa na macho kabla ya kuokolewa na mguu. "Usilitazame gari lililo mbele yako. Litazame la tatu au la nne."

Fikiria hivi. Petroli uliyoichoma kulipa gari kasi imekwisha kulipiwa. Kila ukanyagapo breki, unaigeuza ile kasi kuwa joto la bure kwenye magurudumu, kisha unachoma petroli nyingine kuirudisha. Anayeona mbali huondoa mguu mapema. Akiona taa za breki zinawaka kule mbele karibu na EPZ, au matuta ya Noonkopir yanakuja, au vumbi la mifugo kando ya barabara, huliacha gari lipungue mwendo lenyewe likiwa ndani ya gia. Mara nyingi afikapo msongamano umeshaanza kusonga, naye hupita bila kusimama. Nililijaribu hilo Jumatatu iliyofuata. Dereva mmoja nyuma yangu alinipigia honi hadi Athi River kwa kuwa niliacha nafasi mbele yangu. Tulifika mzunguko mmoja pamoja, yeye akiwa amekanyaga breki mara nyingi kuliko mimi.

La tatu ni mwendo. Upepo ni adui asiyeonekana, na katika nyika za Kajiado hauhitaji kutambulishwa. Mkinzano wa hewa hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, nguvu ya hewa inayokuzuia hukaribia kuongezeka maradufu. Mwaka wa 1974, baada ya nchi za Kiarabu kuwanyima mafuta, Wamarekani waliweka sheria ya kutopita maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, katika barabara zao kuu. Taifa tajiri lilipoishiwa, lilianzia hapo. Nasi tunaharakia nini? Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni kama kilomita 50. Ukienda kwa 100 badala ya 80 unaokoa dakika saba na nusu. Mimi dakika hizo huzipoteza nikitafuta mahali pa kuegesha.

La nne ni upepo wa tairi. Fungua mlango wa dereva uangalie ubavuni mwa fremu. Utakuta kibandiko, pengine cha Kijapani, chenye nambari kama 220 au 230. Nilidhani ni nambari ya kiwanda. Kumbe ni kipimo cha upepo katika kilopaskali, na 220 ni kama pauni 32 kwenye kipimo cha kijana wa kituo cha petroli. Zangu zilikuwa na pauni 24! Tairi legevu hulalia lami, nayo injini hulipa. Pima asubuhi kabla hazijapata moto, walau kila wiki mbili.

Mengine ni madogo, lakini hujumlika. Usiache injini ikinguruma nje ya lango la shule ukimsubiri mtoto; gari dogo lililosimama laweza kuchoma nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Asubuhi halihitaji kupashwa moto dakika kumi. Liwashe, vaa mkanda, ondoka taratibu. Toa butini ule mfuko wa saruji uliobaki tangu ujenzi wa choo. Vumbi la Kitengela nalo huziba filta ya hewa, gari likakosa nguvu nawe ukazidi kukanyaga, hivyo ikaguliwe kila unapobadilisha oili. Na ule ushauri wa kuendesha na tangi tupu uache. Pampu ya petroli katika magari mengi imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Ukiizoesha ukame, utanunua pampu.

Kuhusu zile chupa za dawa, niliacha kuzinunua na hakuna kilichopungua isipokuwa gharama.

Sasa wauliza, nilijuaje kwamba haya yote yalisaidia? Mzee alinipa njia isiyohitaji mashine. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida hadi tangi likaribie nusu, rudi kwenye pampu ile ile, jaza tena hadi ijikate. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Kabla ya mayai kuvunjika nilikuwa nikienda kilomita 10 kwa lita. Kufikia mwisho wa Oktoba nilikuwa nikienda 13.

Ukiiona tofauti ni ndogo, chukua kalamu. Kwa kilomita 1,400, gari la kilomita 10 kwa lita hunywa lita 140. La kilomita 13 hunywa karibu 108. Hizo ni lita 32, na kwa bei ya Septemba ile ni zaidi ya shilingi 6,700 kila mwezi, kwa gari lile lile na barabara ile ile. Mume wangu alilifungua tena daftari, akaihakiki hesabu mara mbili, akanirudishia funguo.

Sitakudanganya kwamba mguu mwepesi hushinda kila kitu. Njia bora ya kuokoa petroli bado ni kuliacha gari. Siku ambazo kazi yangu huisha mapema, naliegesha Syokimau na kupanda gari moshi hadi mjini, na siku kama hizo mafuta hayapandi wala hayashuki kwangu.

Lakini siku ambazo huna budi kushika usukani, na hasa ikiwa ndio kwanza umetoa zile bango za L, usione aibu kwenda polepole kuliko wenzako. Dereva mgeni ana bahati moja: hana mazoea mabaya ya miaka ishirini ya kusahau. Anza wiki hii kwa kujaza tangi na kuandika nambari. Kisha endesha kama mtu aliyebeba trei mbili za mayai ya jirani.

Mimi nilimpelekea mzee trei mbili mpya Jumapili ile ile. Alizipokea, akanishukuru, akazipa mgongo. Kisha akaniuliza kama tairi nimezitia upepo.