Toka Kongwa Hadi Bungeni

Ndugu msomaji, leo tunasafiri pamoja. Tunatoka kijijini, katika wilaya ya Kongwa, tunakwenda Dodoma mjini. Safari yenyewe si ndefu. Lakini tutasimama njiani mara nyingi, maana kuna watu tunaowatafuta. Ni wale tuliowachagua. Tunataka kujua wanakutana wapi, na wanasema nini kwa niaba yetu.

Siku za kampeni kila mtu anawajua. Picha zao zimebandikwa mpaka kwenye miti. Kura zikiisha kuhesabiwa, ngoma hunyamaza. Wenyeviti wa vijiji walichaguliwa Novemba 2024. Uchaguzi wa madiwani na wabunge ulifanyika Oktoba 2025. Kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine ni miaka mitano. Kwetu Ugogo, hiyo ni misimu mitano ya mvua. Kisima kikikauka msimu wa kwanza, utangoja msimu wa tano ndipo uulize?

Tuanze safari.

KONGWA, NCHI YA KARANGA

Tazama nchi hii ilivyo. Ni tambarare, ina miiba na mibuyu, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama saruji. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta mengi kulima karanga. Mpango ulitungwa London. Wenyeji hawakuwa na mbunge wala diwani wa kuwasemea. Mgogo yeyote angewaambia kuwa mvua ya Kongwa haitabiriki. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki, karanga zikakauka, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Zaidi ya pauni milioni 30 zilipotea. Fedha hizo zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, lakini ardhi iliyokwanguliwa ilikuwa yetu.

Sasa nenda kwenye ofisi ya kijiji. Usiingie kwanza. Simama nje, utazame ubao wa matangazo. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inapobandikwa. Isome polepole. Kama imeandikwa kuwa mifuko 100 ya saruji imenunuliwa kwa ajili ya darasa, nenda ukalitazame darasa hilo. Sakafu ipo? Kuta zimepigwa lipu? Na kama ubao ni mtupu, basi hilo nalo ni jambo la kuuliza.

Wa kuulizwa ni nani? Hapa watu wengi huchanganya. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na wananchi. Mtendaji wa kijiji hakuchaguliwa, yeye ni mwajiriwa. Vivyo hivyo diwani amechaguliwa, lakini mkuu wa wilaya ameteuliwa na Rais. Wote wanatumikia wananchi, ila yule uliyempigia kura ndiye anayerudi kwako kuomba kura tena.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Mama aliyeacha uji jikoni ni mjumbe sawa na mwenye ng'ombe mia. Wengi wetu hatuendi. Tunasema tuko shambani, au tunasema maneno ni yale yale. Halafu jioni, kilabuni, tunalalamika kuwa kijiji kimekula fedha.

MADIWANI WALIPOONDOKA NA KUREJEA

Katika kata kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Tusikae sana hapo, twende Kongwa mjini.

Hapa hukutana Baraza la Madiwani la wilaya. Baraza hupitisha bajeti. Hujadili zahanati, barabara za vijijini, ushuru wa mazao. Mbunge pia ni mjumbe wa baraza hili, kwa hiyo unaweza kumwona yeye na diwani wako katika chumba kimoja. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Huruhusiwi kusema, lakini masikio ni yako.

Wazee watakuambia kuwa madiwani hawakuwapo siku zote. Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani. Kazi za halmashauri zilichukuliwa na maofisa waliotumwa na serikali. Sheria mpya zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri zikarejea mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka kumi mkulima hakuwa na diwani wa kumwendea. Kiti hicho kilichorudi si cha kukiacha bila kukitazama.

Haya, panda gari. Tunapita Mbande, tunashika barabara kuu ya lami. Tunaona alizeti, kisha zabibu. Hapa ni Chamwino. Mwaka 1971 Mwalimu Nyerere alikaa hapa na wananchi wakati wa kujenga kijiji cha ujamaa. Leo ndipo Ikulu ilipo. Mbele kidogo ni Mtumba, penye majengo ya wizara. Zamani Mgogo mwenye shida na wizara alipaswa kufika Dar es Salaam. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuwa makao makuu yahamie Dodoma, lakini wizara zilianza kuhama kwa nguvu mwaka 2016. Uamuzi ulikaa miaka 43 kabla ya kutembea! Walioukumbusha hawakuwa na kazi ndogo.

NDANI YA BUNGE

Tumefika Dodoma. Ukumbi huu wa Bunge ulifunguliwa mwaka 2006. Mwananchi anaweza kuomba nafasi ya kuketi jukwaa la wageni. Vaa nguo za heshima. Kikao huanza saa 3 asubuhi kwa dua, kisha yanakuja maswali.

Sikiliza vizuri wakati huu. Mbunge anauliza: maji yatafika lini kijiji fulani? Waziri anajibu, anataja mwaka wa fedha. Kisha mbunge anauliza swali la nyongeza. Mara nyingi la nyongeza ndilo tamu, maana jibu lake halikuandaliwa ofisini.

Kila neno huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, ziitwazo Hansard. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuwa televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja, na watu wengi walilalamika. Lakini Hansard iliendelea kuandikwa. Huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Kijana mwenye simu anaweza kukusomea alichouliza mbunge wako, na alichojibiwa. Anaweza pia kukuambia kama hakuuliza lolote.

Mambo hubadilika hata pasipo uchaguzi. Januari 2022 Ndugu Job Ndugai, mbunge wa Kongwa, alijiuzulu Uspika baada ya maneno yake juu ya mikopo ya serikali kuleta mzozo. Aliendelea kuwa mbunge. Asiyefuatilia habari aliweza kudhani kuwa Kongwa haina mbunge tena.

Kama unataka karatasi ya ofisi fulani na unazungushwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika barua, taja unachotaka, weka tarehe, na ubaki na nakala. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 30.

Kabla hatujarudi Kongwa, nunua daftari dogo pale sokoni. Andika jibu la waziri juu ya maji, tarehe yake, na mwaka wa fedha alioutaja. Katika mkutano mkuu wa kijiji, agenda ya mwisho huitwa "mengineyo". Mwenyekiti akiitaja, inua mkono, usome ulichoandika.