Hatushoni kwa kipimo cha kuletewa



Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, tulimharibia biharusi gauni lake. Tulivuta futi moja kwa moja kutoka begani hadi chini, tukasahau kwamba dada huyu kajaaliwa nyonga na kitambaa lazima kipite juu yake ndipo kishuke. Siku ya kujaribisha, pindo la nyuma lilikuwa limepanda juu ya visigino. Tulimrudishia pesa zake, tukafunga duka tukalia.

Hatukujua kuwa aibu ile itatufaa kwa shangazi yetu.

Mfunguo Mosi shangazi alikwenda kupigwa ultrasaundi kwa ajili ya gesi tumboni. Gesi haikuwa kitu. Kilichoonekana ni aota, ule mshipa mkuu unaoshusha damu kutoka moyoni, umetuna kama puto chini kidogo ya figo. Hapo kawaida upana wake ni kama sentimita 2. Wake ulikuwa 5.6. Kwa wanawake ukifika 5, madaktari huanza kuzungumzia matengenezo, maana ukipasuka wengi hawawahi kufika hospitali. Na mwenyewe haumwi popote! Yuko mbioni na harusi ya binti yake.

Daktari wa India aliyetumiwa picha alisema anaweza kumwekea bomba la kitambaa lenye waya, lipitishwe kwenye mshipa wa kinenani bila kupasua tumbo. Ndiyo njia aliyoianza Dk. Juan Parodi kule Buenos Aires mwaka 1990. Ila siti skani tuliyompelekea ilikatwa vipande vinene vya milimita 5. Yeye akataka irudiwe, vipande vya milimita 1.

Kaka zetu wakaja juu. Si ameshapimwa? Pesa zenyewe ndizo za harusi.

Hapo tukasema sisi. Mteja akituletea vipimo vya fundi mwengine kwenye karatasi, tunavikunja tunampima upya, awe na haraka asiwe nayo. Tena hili si gauni, halifumuliwi.

Tulimuuliza daktari anapimaje urefu, akatueleza tukaona ni kazi yetu ile ile. Mshipa wa mtu mzima haunyooki, unapinda kulia na kushoto. Ukiupima wima utapata ufupi wa uongo. Kwa hiyo kompyuta huchora mstari katikati ya mshipa, unafuata kila kona, kuanzia chini ya matundu ya figo hadi mshipa unapogawanyika kwenda miguuni na kuendelea. Bomba likiwa fupi, damu inapenya pembeni na puto linaendelea kujaa. Likiwa refu, linaweza kuziba mshipa unaolisha nyonga. Upana nao huongezwa, asilimia 10 hadi 20, ili libane ukutani. Na hata baada ya yote hayo, waya mgumu ukiingizwa unaunyoosha mshipa na urefu unabadilika, kama biharusi aliyepimwa peku kisha akavaa viatu virefu. Ndiyo maana huweka tayari zaidi ya saizi moja.

Skani ilirudiwa Dar. Dada mnaokwenda, vaeni dera na skafu isiyo na pini, dhahabu iacheni nyumbani, na ombeni mhudumu wa kike mapema. Watapima damu kwanza kuangalia figo. Dawa inayochomwa kwenye mshipa inaleta joto mpaka unadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Shangazi hakuambiwa, akatoka amekasirika siku nzima.

Kilichomchekesha ni hadithi ya kitambaa. Miaka ya mwanzo ya 1950 kule Houston, Marekani, Dk. Michael DeBakey, aliyefundishwa kushona na mama yake, alishona mabomba ya mwanzo kwa cherehani ya mkewe. Alikwenda dukani kutafuta nailoni, akaambiwa imekwisha, akachukua Dacron, ambayo ni poliesta. Akiwa na miaka 97 aota yake mwenyewe ilichanika, na mwaka 2006 ikatengenezwa kwa Dacron hiyo hiyo. Alifariki 2008, miaka 99.

"Kumbe mimi natiwa bitana," akasema shangazi.

Vipimo vipya vilitoa urefu tofauti na ule wa mwanzo, karibu sentimita 2. Kaka zetu walinyamaza.

Harusi ikasogezwa hadi Mfunguo Sita, ukumbi tukauacha, tukapika nyumbani. Alhamdulillah shangazi alikaa mbele kabisa akipiga vigelegele, tukimwambia apunguze. Kila mwaka atarudi kupigwa picha, kwani bomba linaweza kuhama. Gauni la binti tulilipima mara tatu, futi ikifuata mwili, viatu miguuni.