Punguzo Lako Liko Wapi? Matembezi ya Mwanafunzi Hadi Gikomba

Ukimwona mwanafunzi wa chuo kikuu siku hizi ameinamia simu yake, usidhani anasoma barua ya mchumba. Huenda anatafuta punguzo. Ziko programu za simu za kumpunguzia nauli ya teksi, bei ya chakula na hata ya viatu. Jumamosi moja mpwa wangu, aliye mwaka wa pili, alinionyesha zake zote kwa fahari. Kisha akaniomba shilingi 500. Nikamwambia, "Kabla sijatia mkono mfukoni, twende tukatembee." Karibu tuandamane, msomaji. Vaa viatu visivyoogopa matope.

Tulianzia kando ya University Way, asubuhi na mapema. "Mjomba, niite teksi? Nina punguzo la shilingi 100," akasema. Nikamuuliza tutalipa ngapi baada ya punguzo hilo. Akajibu 250. Basi tukaenda kwa miguu, tukalipa sufuri. Hilo ndilo somo la kwanza: hesabu pesa zinazotoka mfukoni, si zile unazoambiwa umeokoa. Isitoshe, nauli ya teksi hizo hupanda mvua inyeshapo, sawasawa na ya matatu.

Katikati ya jiji tulikuta wauzaji wa vitabu vilivyotumika, wamevipanga chini kwenye gunia. Wakazi wa Nairobi huita maduka haya "inama", kwa sababu mnunuzi hana budi kuinama. Hapa simu ina faida yake. Tazama kwanza bei ya kitabu kipya, kisha anza kupatana. Lakini hakikisha toleo ndilo alilotaja mhadhiri. Kitabu rahisi kisichofaa ni hasara tupu.

Tukaingia Landhies Road hadi Muthurwa, penye kelele za makanga na akina mama wa nafaka. Kipimo cha hapa ni gorogoro, mkebe unaobeba karibu kilo 2. Wanafunzi wanne wakichanga pesa, wakanunua mahindi na maharagwe na kupika githeri ya siku mbili tatu, watakula kwa pesa ambazo chipsi za kuletwa mlangoni hazingewatosha kwa usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha leo ni gorogoro.

Hatimaye Gikomba. Soko hili limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15. Hata hivyo, kila mara wafanyabiashara wamesimamisha vibanda upya. Marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri. Nguo safi zinazochaguliwa kwanza huitwa "kamera", na bei yake ni ya juu. Yanayobaki mwishoni huitwa "fagia", nayo hutupwa kwa bei ya chini kabisa. Mwanafunzi mwenye subira huja alasiri, simu ikiwa mfuko wa ndani, maana wenye mikono myepesi hawakosi.

Hapo mpwa wangu akavitazama viatu vyake, akanyamaza. Nilipomnunulia chai ndipo akasema ukweli. Viatu hivyo vilikuwa vya shilingi 3,000, simu ikavipunguza hadi 2,100. Hakuwa amepanga kununua viatu. Pesa alizolipia zilikuwa za mkopo wa HELB, ile bodi iliyoundwa mwaka 1995, ambayo humdai mwanafunzi baada ya masomo. Chakula kilipokwisha, alikopa 2,000 kwenye programu nyingine na kutozwa 300 kwa mwezi. Kila akilipa, anakopa tena. Alikuwa mwezi wa nne.

Tukachukua kalamu. Mara 4 kwa 300 ni 1,200. Alikuwa ameokoa 900 ili apoteze 1,200, na deni la 2,000 bado lilikuwa palepale. Machozi yalimlengalenga, nami sikumkemea. Amewatangulia na kufuatwa na wengi. Ndiyo maana Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2021, wakopeshaji wa simu wakawekwa chini ya Benki Kuu na kutakiwa kuwa na leseni. Lakini sheria haiwezi kukuzuia kubonyeza kitufe usiku wa manane.

Msomaji, sisemi utupe simu yako. Andika kwanza unachohitaji, ndipo ufungue programu. Kama kitu hakimo kwenye orodha, hata kikipunguzwa nusu bei ni ghali. Funga zile arifa za ofa zinazokuita usiku na mchana. Na wewe mzazi, usingoje mwanao aombe pesa ndipo umuulize hali yake. Muulize anadaiwa na nani.

Tulirudi kupitia Muthurwa. Zile 500 nilimpa. Alinunua gorogoro moja ya maharagwe, akaifunga vizuri kwenye mkoba, na chenji akaiweka kando kuanza kupunguza deni. Tulipokaribia chuo simu yake ililia: ofa mpya, mwisho leo usiku. Aliitazama, akaizima, tukaendelea na safari.