Tulivyokwenda Kuitazama Shule ya Madaktari wa Meno Nairobi

Ndugu yangu mmoja, mkulima wa karibu na Naivasha, aliniuliza kama yafaa auze ng'ombe wake wawili ili mwanawe akasomee udaktari wa meno. Kijana huyo huziba kinywa kwa mkono kila acheaye, kwa kuwa meno yake yana rangi ya kahawia. Nikamjibu kwamba kusikia si kama kuona; basi tukaondoka sote watatu twende tukaitazame shule yenyewe.

Shule hiyo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko katika barabara ya Argwings Kodhek, si mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Barabara ina jina la yule wakili Mwafrika wa kwanza katika Kenya, aliyefariki mwaka 1969 kwa ajali ya gari katika barabara iyo hiyo. Mafundisho ya udaktari wa meno yalianza chuoni mwaka 1974.

Tulipoingia tulikuta watu wengi wameketi wakingoja zamu, maana mahali hapo ni shule na hospitali pamoja. Mwanafunzi humtibu mgonjwa, na mwalimu hukagua kazi yake. Mama mmoja mzee alitueleza kwamba kazi huenda polepole, lakini haipiti mpaka mwalimu aridhike. Neno hilo lilimpendeza ndugu yangu kuliko majengo.

Yafaa mzazi ajue kwamba masomo ni ya miaka mitano. Kwanza mwanafunzi hujifunza mwili mzima wa binadamu, kama afanyavyo daktari mwingine yeyote. Kwa hiyo asiyependa baiolojia na kemia asijisumbue. Kisha hufanya mazoezi juu ya meno ya bandia, na baadaye ndipo akabidhiwapo wagonjwa. Akiisha kufaulu, hutumika mwaka mmoja hospitalini chini ya wakubwa wake kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yake.

Liko jambo jingine kubwa. Katika Kenya hapana mtu awezaye kutibu meno kwa haki kama daktari asipoandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti moja kwa shule yo yote, iwe hapa au ng'ambo, uliza kwanza kama Baraza linaitambua. Uliza pia karo ya miaka yote mitano, wala si ya mwaka wa kwanza tu, pamoja na bei ya vifaa. Ng'ombe wawili huenda wakafungua mlango, lakini je, ni nani atakayeushikilia usifungwe?

Tena, asiyepata nafasi asikate tamaa. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya hufundisha maofisa wa afya ya kinywa na mafundi wa meno ya bandia, na kazi hizo zina heshima yake.

Kabla hatujatoka, kijana aliuliza juu ya meno yake. Akaelezwa kwamba si uchafu, wala mswaki hauwezi kuondoa rangi ile. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiasi, yatokayo katika mawe ya volkano, nayo huharibu meno ya mtoto yangali yakiumbika ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo.

Ndugu yangu alinyamaza kitambo, maana nyumbani ana watoto wengine wadogo wanywao maji ya kisima kile kile. Njiani akasema kwamba ng'ombe hatawauza mpaka ajue hesabu yote ya karo, bali maji ya mvua ataanza kuyakinga upesi. Naye kijana alisema kwamba sasa anajua sababu ya kutaka kazi ile. Alisema hayo bila kuziba kinywa.