Mpaka unaomeza saa nzima

Msomaji, ukienda Kabanga, kule Kasulu, kutokea Bujumbura, usihesabu kilomita, hesabu saa. Burundi iko nyuma yetu kwa saa 1. Ukiondoka Mugina saa 9 alasiri, ukivuka tu Manyovu ni saa 10! Hata magari yanahama upande: kule kulia, huku kushoto.

Mimi saa yangu niliisogeza mapema, maana shangazi alikuwa amelazwa hospitali ya misheni Kabanga na nilitaka kumwona kabla ya giza. Jamaa niliyekaa naye garini hakuwa na habari, na alikuwa anawahi ndege Kigoma. Uhamiaji hakukawia. Forodha wakaanza kukunjua vitenge vyake, kimoja kimoja.

"Muda upo, kaka," akasema, anacheka.

Nikamwonyesha saa yangu. Weee! Alivyokurupuka, utafikiri kaona nyoka.

Hapo tukaachana, yeye la Kigoma, mie nikadandia la Kasulu. Konda anaongea Kiha, Mrundi wa siti ya nyuma anamjibu Kirundi, na wanaelewana freshi tu. Kama jamaa ndege aliipata, sijui. Shangazi nilimkuta amekaa kitandani, anakula ugali wa muhogo kwa migebuka.