Siku Niliyomkaba Mume Wangu

Kabla hujanipigia simu ya usuluhishi, msomaji wangu, ngoja nimalize. Ni kweli, nilimkaba mume wangu mpaka akazimika. Nilimkaba kwa miguu, mbele ya mashahidi kumi na kitu, na mwalimu wetu ndiye aliyenifundisha.

Tulianza jiujitsu mwaka jana, kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuchoka kukaa kwenye sofa kila mmoja na simu yake. Yeye ana kilo 94, mimi 61. Wiki za mwanzo alikuwa ananilalia tu, basi, mchezo umekwisha. Halafu tukafundishwa kabali ya pembetatu.

Hii si roba ya vibaka, ile ya kuviziwa kwa nyuma. Hapa wewe ndiye uko chini, chali, mwenzio yuko juu yako. Unauvuta mkono wake mmoja ubaki katikati ya miguu yako pamoja na kichwa, wa pili unauacha nje. Mguu wako mmoja unapita nyuma ya shingo yake, na kifundo chake unakifungia nyuma ya goti la mguu mwingine. Paja lako linabana mshipa mkubwa wa damu upande mmoja wa shingo. Upande wa pili unabanwa na bega lake mwenyewe. Ndiyo, lake! Hewa inaweza kuendelea kuingia, kinachopungua ni damu ya kwenda kichwani. Ikikaa sawasawa, sekunde kumi hivi mtu kalala.

Ndiyo maana kuna kugonga. Ukizidiwa unampiga mwenzio kiganja mara mbili tatu, anaachia hapo hapo. (Na dada unayekabwa shingo nyumbani kwa hasira, huo si mchezo. Huko hakuna kugonga. Ondoka, tafuta msaada.)

Mwalimu alituonyesha mkanda wa Royce Gracie na Dan Severn, pambano la Desemba 1994 kule Tulsa, Marekani. Severn, mwanamieleka wa karibu kilo 120, alimlalia Gracie, mwenye kilo kama 80, kwa zaidi ya dakika 15. Ukitazama unasema huyu wa chini keshakwisha. Kumbe miguu inatafuta njia! Ikaipata, na Severn akagonga. Jitu zima lile, mbele ya kamera, likagonga.

Mume wangu akacheka. "Mimi nisingegonga," akasema.

Wala hakutania. Jumamosi moja nikamnasa vizuri, pembetatu ikafunga. Nikamsikia anahema, nikadhani anajipanga kujitoa. "Gonga, baba," nikamwambia. Kimya. Mara ule mkono wake wa nje ukateleza kama kanga iliyochomoka kambani.

"Achia!" mwalimu akapiga kelele.

Akamlaza chali, akamwinua miguu. Sekunde chache tu akafumbua macho, akauliza tumefika wapi. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka, alimwambia mazoezi yake ya siku hiyo yameishia hapo. Mimi nilikwenda chooni, nikalia.

Kwenye gari nikamuuliza kwa nini hakugonga.

"Nilijua utachoka."

Tukakaa kimya mpaka mataa ya Mwenge. Hapo, macho yake yakiwa kwenye taa nyekundu, akaniambia kwamba ofisini kwao mshahara haujatoka miezi mitatu. Ada ya watoto alikopa. Mkopo wa kwanza akaulipa kwa kukopa mwingine.

Miezi mitatu! Nalala naye kitanda kimoja, kila mwezi nahariri kurasa za mawasiliano kwenye ndoa, na kozi ya mawasiliano nimeisomea chuo kikuu. Sikujua kitu. Ningependa kukuambia nilimshika mkono nikamtuliza. Kusema ukweli nilifoka mpaka tunafika nyumbani, halafu nikanuna siku mbili. Siku ya tatu tukakaa mezani na daftari, tukaandika madeni yote. Bado tunalipa.

Aliporudi mazoezini nilimvuta mkono, nikapandisha mguu begani kwake. Hata sijaufunga, akanigonga pajani, pa pa pa.

"Mbona sijafunga bado?"

"Najua," akasema. "Nafanya mazoezi."