Nani Aliyeomba Kumbukumbu Hii?

Miaka ile Kahama, kompyuta ikielemewa dawa ilikuwa moja tu: izime, iwashe. Nilikuwa nikihudumia programu ya mizani katika mtambo wa kuchenjua dhahabu upande wa Kakola, na mtambo ule ulifanya kazi usiku na mchana. Wenye kaboni iliyonasa dhahabu walifika na magunia yaliyofungwa kwa lakiri, wakakesha nje ya uzio mpaka dhahabu itoke, na kila kipimo kilitakiwa kiingie kwenye kompyuta mbele ya macho yao. Alfajiri simu yangu ilikuwa ikilia. "Mwangaluka, fundi," alikuwa akisema mzee msimamizi. "Mashine imeganda tena."

Nilichoweza kuona wakati huo ni tarakimu moja: kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ambacho programu imekalia. Jioni kidogo, alfajiri imejaa. Tukaagiza RAM nyingine kutoka Mwanza, na kuganda kukahama kutoka alfajiri kwenda adhuhuri.

Tarakimu ile ilikuwa ya kweli lakini haikumtaja mhusika. Programu huomba kumbukumbu mara nyingi mno kwa dakika moja, na katika lugha ya C maombi karibu yote huishia kwa malloc, amri ya kuomba kumbukumbu. Kuambiwa kwamba malloc imetoa baiti nyingi hakukusaidii kitu. Unataka kujua nani aliiita malloc, naye aliitwa na nani, mpaka ufike pale kazi ilipoanzia. Wachenjuaji nilipowaeleza mnyororo huo wa miito walinielewa upesi. Rundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni, likiletwa uani hawaishii kuuliza lina tani ngapi. Wanauliza limetoka mwalo upi, na mwalo huo ulisaga mawe ya duara lipi, yaani shimo lipi la wachimbaji.

Chombo cha kwanza kilichonionyesha mnyororo huo ni Massif, kilichomo ndani ya Valgrind, mkusanyiko wa zana za kuchunguza programu, na kilichoundwa upya mwaka 2007. Kilichora matawi ya maombi, kila tawi na sehemu yake ya kumbukumbu. Ila programu inayochunguzwa na Massif hujikokota, na huwezi kuikokotesha mbele ya mizani huku watu wanasubiri mali yao. Nilichukua vipimo vilivyorekodiwa, nikavipitisha tena kwenye programu hiyo ofisini usiku.

Baadaye programu iliandikwa upya kwa Python, na toleo la 3.4 la mwaka 2014 likaja na tracemalloc, chombo cha kufuatilia maombi ya kumbukumbu, kazi ya Victor Stinner. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwangu. Unapiga picha ya kumbukumbu sasa, unapiga nyingine baada ya saa kadhaa, kisha unaziomba zilinganishwe. Usipoiagiza vinginevyo, tracemalloc huweka hatua moja tu ya mnyororo. Hatua hiyo ilinielekeza kwenye mstari unaokata maandishi yanayotoka kwenye mizani, mstari unaoitwa na nusu ya programu nzima. Nikaiagiza iweke hatua 25. Mstari uleule sasa ukaja na ukoo wake, na tawi lililokuwa likinenepa lilianzia kwenye grafu ndogo iliyokuwa pembeni mwa skrini. Grafu hiyo, ambayo sikuwahi kumwona mtu akiitazama, ilitunza kila kipimo tangu mashine iwashwe. Tukaiwekea orodha yake kikomo, na simu za msimamizi zikakoma.

Mnyororo una mpaka wake. Unakuambia nani aliomba, haukuambii nani bado ameshikilia. Hilo utalisoma mwenyewe ndani ya msimbo. Tena ufuatiliaji huo nao hula kumbukumbu na kupunguza kasi, kwa hiyo hauachwi ukiendelea bila sababu. Hata hivyo, kati ya kujua kiasi na kujua chanzo, mimi naona chanzo ndicho kinachotengeneza programu.

Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, mengine yakafuata, na vijana wengi wa Geita na Shinyanga sasa wanaandika programu zinazokaa jirani na mizani. Nawaomba: mteja akilalamika kwamba mashine inaganda, msimpeleke dukani kununua RAM kabla hamjapiga picha mbili na kuusoma mnyororo mpaka mwanzo wake. Mwenye kaboni aliyekesha uzioni anastahili kipimo chake kiingie kwa wakati.